Mwongozo kamili: kulinganisha eksirei na redio za nyota changa bila kudanganywa na namba zako mwenyewe

Kazi yenyewe ukiiangalia kwa juu inaonekana ya dakika kumi. Chukua mng'aro wa nyota kwenye eksirei, gawanya kwa mng'aro wake kwenye redio, linganisha na namba inayojulikana, basi. Watu wanafanya hivyo, wanakuta nusu ya nyota zao zimeanguka chini ya mstari wa namba hiyo, alafu wanatangaza kwamba nyota changa zina tabia za ajabu. Mara nyingi hamna cha ajabu hapo, ni kwamba redio waliyoigawanya haikutoka kwenye korona ya nyota (gesi ya moto sana inayoizunguka) kabisa.

Kwa hiyo humu ndani kugawanya kunakuja mwishoni. Swali la kushika kuanzia hatua ya kwanza ni moja tu: hii redio imetoka wapi?

Namba inayojulikana ni ile ya Manuel Güdel na Arnold Benz ya mwaka 1993. Waliona kwamba nyota zenye korona kali zinatoa eksirei na redio kwa uwiano unaokaribiana sana, mng'aro wa eksirei (Lx) ukigawa kwa wa redio (Lr) unapata karibu 10^15.5 Hz, kukiwa na mtawanyiko wa kama nusu ya kizio cha logi kila upande (kizio kimoja cha logi ni mara kumi). Lx ni ergi (kizio cha nishati) kwa sekunde, Lr ni ergi kwa sekunde kwa kila Hz, ndo maana jibu linabaki na Hz. Sababu ya uwiano huo ni kwamba milipuko ileile ya sumaku inapasha plazma (gesi ya chembe zenye chaji) moto mpaka inatoa eksirei na hapohapo inarusha elektroni zenye kasi kubwa zinazozunguka kwenye uga wa sumaku na kutoa redio, aina inayoitwa jairosinkrotroni. Uwiano unahusu redio ya aina hiyo peke yake. Redio nyingine yoyote ukiiingiza umeharibu hesabu.

## Vitu vya kuwa navyo

Kompyuta ya kawaida inatosha kama utatumia katalogi zilizochapishwa tayari. Ukitaka kuanza na data ghafi za redio hapo utahitaji diski kubwa na uvumilivu.

- Orodha ya nyota changa za eneo lako, iliyotengenezwa kwa infraredi na Gaia (setilaiti inayopima nafasi za nyota), SIO kwa eksirei wala redio (sababu iko hatua ya 1).
- Katalogi ya eksirei kutoka Chandra au XMM-Newton (darubini za eksirei zilizo angani), yenye idadi ya fotoni (chembe za mwanga) za kila chanzo na sio flaksi (kiasi cha nishati kinachotufikia) peke yake.
- Picha au katalogi ya redio kwenye masafa mawili angalau, mfano 6 GHz na 10 GHz kutoka VLA (darubini za redio zilizounganishwa, Marekani). Ukiwa na masafa mamoja hatua ya 5 itakushinda.
- Kama ipo, picha ya polaraizesheni ya duara (mawimbi yanayojizungusha upande mmoja kama skrubu), ile inayoitwa Stokes V.
- Ramani ya kiwango cha kelele kwenye picha ya redio, sehemu kwa sehemu.
- Programu: TOPCAT kwa kulinganisha orodha, Sherpa au XSPEC kwa spektra za eksirei, CASA kama utagusa data ghafi za redio. Zote ni bure.

Eneo zuri la kujifunzia ni kishada cha nyota (nyota nyingi zilizozaliwa pamoja) cha Nebula ya Orion, kiko kama paseki 400 kutoka kwetu (paseki moja ni miaka ya mwanga 3.26 hivi) na data zake ziko wazi. Januari 2003 Chandra ililiangalia eneo hilo kwa sekunde kama 838,000 zilizosambaa kwenye siku 13 hivi, mradi unaoitwa COUP, ikanasa vyanzo 1,616. Upande wa redio kuna katalogi ya VLA iliyochapishwa 2016 yenye vyanzo 556 na kelele ya kama mikrojansky 3 (jansky ni kizio cha flaksi ya redio). Mifano yangu mingi itatoka hapo.

## Hatua ya 1: Anza na nyota, usianze na vilivyonaswa

Tengeneza orodha ya nyota kwanza, kila nyota na daraja lake: daraja la I bado imefunikwa na wingu lake, la II ina diski ya gesi na vumbi inayoizunguka, la III diski imeshaisha. Nyota kubwa za O na B ziweke kwenye faili la pembeni kabisa maana eksirei zake nyingi zinatoka kwenye migongano ndani ya upepo wake na redio inatoka kwenye upepo huohuo, huo uwiano hauzihusu.

Kwa nini usianze na vyanzo vilivyonaswa pande zote mbili? Fanya hesabu hii. Nyota changa ya kawaida ina Lx ya kama 10^30. Kama inafuata uwiano, Lr yake ni 10^14.5, na kwa umbali wa paseki 400 hiyo inatufikia ikiwa mikrojansky 1.7 hivi. Kelele ya VLA hapo ni 3. Yani nyota inayotii uwiano vizuri kabisa HAIONEKANI kwenye redio, zinazoonekana ni zile ambazo redio yake imezidi, ama kwa mlipuko ama kwa sababu nyingine. Ukichora zilizonaswa tu, lazima zianguke chini ya mstari hata kama fizikia iko sawasawa. Kosa hili peke yake linaeleza grafu nyingi mno.

Umefanikiwa kama: una jedwali ambalo kila nyota ina mstari wake hata kama haijanaswa popote.

## Hatua ya 2: Sawazisha ramani

Chandra na VLA hazikubaliani moja kwa moja juu ya nyota iko wapi. Tofauti ni ndogo, sehemu ya sekunde moja ya tao (sekunde ya tao ni 1/3600 ya digrii), lakini kwenye kishada kilichobanana hiyo inatosha kukupa jirani badala ya mwenyewe.

Tumia Gaia kama rejea. Chukua nyota angavu zilizotulia, pima wastani wa tofauti kwa mashariki-magharibi na kwa kaskazini-kusini, alafu sogeza katalogi nzima. Angalia pia mwaka wa kila data. Nyota nyingi za Orion zinasogea kidogo sana, ila kuna chache kama ile inayoitwa BN ambazo zinakimbia na baada ya miaka kumi zimeshahama kwa kiasi kinachopimika.

Umefanikiwa kama: ukichora tofauti zote, wingu la nukta linakaa katikati ya sifuri.

## Hatua ya 3: Oanisha orodha, alafu hesabu za uongo

Chandra katikati ya picha inaona kwa ukali wa kama nusu sekunde ya tao, pembeni inafifia. Kwa hiyo usitumie duara la ukubwa mmoja kila mahali, tumia kosa la nafasi (kiasi ambacho kipimo kinaweza kupotoka) la kila chanzo lililoandikwa kwenye katalogi.

Alafu kadiria ni jozi ngapi zimekutana kwa bahati tu. Tuseme uwanja ni dakika 10 kwa 10 za tao, una vyanzo 400 vya redio na 500 vya eksirei. Kwa duara la nusu kipenyo cha sekunde 1 utapata jozi za uongo kama 2. Kwa sekunde 3 zinapanda mpaka 16. Hakiki kwa kusogeza katalogi moja sekunde 30 upande wowote na kuoanisha upya, jozi zote utakazopata sasa ni za bahati, na kwenye kishada halisi zitakuwa nyingi kuliko hesabu maana katikati nyota zimebanana zaidi.

Umefanikiwa kama: unaweza kusema jozi zako ni ngapi na ngapi kati yake zinaweza kuwa za uongo.

## Hatua ya 4: Rudisha eksirei zilizomezwa njiani

Vumbi na gesi vinameza eksirei, hasa za nishati ya chini, lakini redio inapita kama hamna kitu. Usiporekebisha, kila nyota iliyojificha ndani ya wingu itaonekana haina eksirei za kutosha, na itaanguka chini ya mstari. Tena ndo nyota changa zaidi hizo, kwa hiyo utaona mwelekeo mzuri wa umri ambao kiukweli ni mwelekeo wa vumbi.

Kama una fotoni za kutosha, mia na kuendelea, tengeneza spektra (mgawanyo wa fotoni kwa nishati zake) na uifiti na plazma ya joto moja au mawili pamoja na ufyonzaji. Joto la kutegemea ni kuanzia milioni 10 za kelvini mpaka milioni 30 au zaidi, na kwenye mlipuko linapanda juu ya hapo. Ukipata nyota yenye plazma baridi sana ya milioni chache usiitupe, nyota zinazokula gesi kutoka kwenye diski zinaweza kutoa eksirei laini pale gesi inapogonga uso wa nyota, TW Hydrae ndo mfano maarufu. Ila sehemu hiyo sio korona, iandike pembeni.

Kama fotoni ni chache, kama ishirini hivi, usilazimishe kufiti. Tumia nishati ya kati ya fotoni kukadiria ufyonzaji, au chukua ufyonzaji wa mwanga unaoonekana (Av) kutoka infraredi na uzidishe kwa kama 2 × 10^21 upate safu ya haidrojeni (idadi ya atomu zilizo njiani) kwa kila sentimita ya mraba. Nyota yenye Av ya 10 inakupa 2 × 10^22, na hapo sehemu kubwa ya eksirei zilizo chini ya keV 1 (keV ni kizio cha nishati ya fotoni) zimeshapotea, unachorudisha kinategemea modeli yako kuliko data. Kwa nyota za namna hiyo andika kosa kubwa bila aibu.

Tahadhari mbili. Kwanza, bendi ya nishati: Chandra kwa kawaida wanaripoti keV 0.5 mpaka 8, kazi za zamani zilitumia bendi laini zaidi, geuza zote ziwe bendi moja. Pili, nyota angavu sana fotoni zake zinagongana kwenye kamera na kuhesabiwa pungufu, angalia kama katalogi imeweka alama ya tatizo hilo.

Umefanikiwa kama: ukichora Lx iliyorekebishwa dhidi ya Av, huoni Lx ikishuka kwa utaratibu kadiri Av inavyopanda.

## Hatua ya 5: Jua redio inatoka wapi

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu, hata siku nzima sio nyingi.

Nyota changa ina njia kadhaa za kutoa redio. Kuna korona yenyewe, ambayo ndo tunaitaka. Kuna jeti na upepo wenye gesi iliyoionishwa (atomu zake zimepoteza elektroni), inatoa redio ya joto, yani inayotokana na joto la gesi tu. Kuna diski zinazochomwa na mwanga wa urujuanimno wa jirani mkubwa, Orion zimejaa karibu na θ1 Orionis C, nyota kubwa ya katikati, nazo zinang'aa kwenye redio kwa joto tu. Alafu kuna galaksi za mbali zilizotokea nyuma ya kishada, na hizi ni za hatari kwa sababu galaksi yenye shimo jeusi linalokula inatoa eksirei NA redio, inaingia kwenye jedwali lako ikiwa imevaa kila kitu.

Ushahidi wa kwanza ni mteremko wa spektra. Chukua flaksi mbili, gawanya logi ya uwiano wa flaksi kwa logi ya uwiano wa masafa. Mfano chanzo kina milijansky 0.30 kwenye 6 GHz na 0.41 kwenye 10 GHz, mteremko ni +0.61, hiyo ni alama ya upepo au jeti. Gesi ya joto iliyo nyembamba inatoa karibu −0.1, na iliyo nzito kabisa inafika +2. Ukipata chini ya −0.1 waziwazi hiyo sio joto. Tatizo ni kwamba jairosinkrotroni inaweza kuwa hasi, sifuri au chanya, kwa hiyo mteremko chanya peke yake hautoi hukumu.

Na usisahau kosa. Kama kila flaksi ina kosa la asilimia 5, mteremko huo wa juu una kosa la ±0.14, safi. Kosa likiwa asilimia 20 unapata ±0.55, na hapo +0.61 haikuambii chochote.

Kuna mtego mwingine hapa unaonasa wengi. Uwanja wa kuona wa VLA kwenye 6 GHz ni kama dakika 7 za tao, kwenye 10 GHz ni kama 4. Chanzo kilicho pembeni kinafifishwa zaidi kwenye masafa ya juu, usiporekebisha umbo la uwanja kila chanzo cha pembeni kitapata mteremko hasi wa bandia na utashangilia korona ambazo hazipo. Pia picha mbili zitengenezwe kwa ukali uleule, vinginevyo moja inakusanya mwanga wa nebula ambao nyingine haiuoni.

Ushahidi wa pili ni polaraizesheni ya duara. Gesi ya joto haitoi. Ukiona asilimia kadhaa za Stokes V zilizo juu ya kelele, umeshika uga wa sumaku mkononi, jairosinkrotroni hiyo. Nyota IRS 5 ya Corona Australis ilithibitishwa hivyo mwaka 1998, nyota ya daraja la I ambayo wengi wangeitegemea itoe redio ya joto tu. Lakini ukikosa polaraizesheni usihitimishe kinyume chake, kwenye nyota zilizofunikwa upepo wenyewe unaweza kuimeza redio ya korona kabla haijatoka.

Ushahidi wa tatu ni kubadilika. Jeti haiwezi kuongezeka mara kumi ndani ya masaa machache, ni kubwa mno kwa hilo. Korona inaweza. Kama data yako ina vipindi vingi, kata picha kwa saa na uangalie.

Wa nne na wenye nguvu kuliko yote ni darubini zilizotawanyika kama VLBA. Hizi zinaona vitu vidogo vyenye joto la mng'aro (joto ambalo kitu kingehitaji ili king'ae hivyo) la mamilioni ya kelvini tu, gesi ya kelvini 10,000 hazioni kabisa. Kilichonaswa na VLBA ama ni korona ama ni galaksi ya nyuma, na galaksi utaijua kwa sababu haisogei kwa paralaksi (kusogea kidogo angani kadiri Dunia inavyolizunguka Jua).

Sasa gawa vyanzo vyote makundi matatu: korona kwa ushahidi, joto kwa ushahidi, na visivyojulikana. Kundi la tatu litakuwa kubwa. Liache liwe kubwa, usilipunguze kwa kubahatisha.

Umefanikiwa kama: kila chanzo kwenye kundi la korona kina sababu moja iliyoandikwa, na diski zilizo karibu na θ1 Orionis C zimeangukia kundi la joto.

## Hatua ya 6: Geuza flaksi kuwa mng'aro

Hii ni fupi. Zidisha flaksi kwa 4π na umbali wa mraba, umbali uwe kwenye sentimita. Kwa paseki 400, milijansky 1 ni 1.9 × 10^17 ergi kwa sekunde kwa Hz, na flaksi ya eksirei ya 5.2 × 10^-14 ni Lx ya 10^30. Weka namba hizi pembeni kama kipimo, hesabu yako ikitofautiana nazo kuna sehemu umekosea vizio.

Umbali ukiwa mmoja pande zote unajifuta kwenye uwiano. Lakini ukichukua Lx iliyokokotolewa tayari kwenye katalogi moja na Lr kwenye nyingine, umbali unaweza usiwe mmoja: COUP walitumia paseki 450. Badili kuwa 400 na Lx inashuka kwa asilimia 21. Rudi kwenye flaksi kila mara, ni salama zaidi.

## Hatua ya 7: Vikomo vya juu ni data

Kila nyota isiyonaswa ipe kikomo cha mara tatu ya kelele pale ilipo, sio kelele ya wastani wa picha. Pembeni ya uwanja kelele imepanda, na katikati ya nebula pia imepanda kwa mabaki ya mwanga wa gesi.

Nyota yenye eksirei bila redio inakupa uwiano wa chini kabisa unaowezekana, yenye redio bila eksirei inakupa wa juu kabisa. Chora zote kwa mishale na tumia takwimu zinazojua kushughulika na data za aina hii, mfano Kaplan-Meier. Kama mishale ya uwiano wa chini imejaa kuuzunguka mstari, nyota zako hazijauvunja uwiano, darubini ndo haijafika kina chake.

## Hatua ya 8: Angalia saa

Eksirei za mwaka 2003 na redio za 2012 hazikuona nyota ileile kwa maana ya tabia. Kwenye Orion zimeshaonekana nyota ambazo redio yake inabadilika mara kumi na zaidi ndani ya chini ya siku mbili, hiyo ni kizio kizima cha logi kabla hujagusa fizikia nyingine.

Hata ukiwa na data za wakati mmoja, pande mbili haziendi sambamba. Kwenye mlipuko wa kawaida redio inafuata elektroni zinapomiminwa, eksirei zinafuata joto linalojikusanya, kwa hiyo redio inapanda kwanza na eksirei zinachelewa na kupoa taratibu. Sio kila mara lakini. Januari 2003, wakati COUP inaendelea, nyota GMR A ililipuka vikali kwenye mawimbi ya milimita, na eksirei zake zilikuwa zimepanda kama siku mbili KABLA. Na kuna jozi kama V773 Tau ambazo milipuko ya redio inafuata mzunguko wa siku 51 wa nyota mbili kukaribiana.

Cha kufanya: kama data sio za wakati mmoja, tumia kiwango tulivu cha kila upande, ondoa vipindi vya mlipuko, alafu ongeza kosa la nusu kizio cha logi hivi kwa ajili ya mabadiliko usiyoyaona.

## Hatua ya 9: Sasa gawanya, chora, soma

Chora logi ya Lr kwa usawa na logi ya Lx kwa wima, weka mstari wa 15.5. Kundi la korona rangi moja, joto rangi nyingine, visivyojulikana kijivu, vikomo mishale.

Kama sampuli yako ina nyota za umbali tofauti, chora pia flaksi dhidi ya flaksi. Umbali wa mraba ukiwa pande zote mbili unatengeneza uhusiano hata mahali ambapo haupo. Uhusiano ukifa kwenye grafu ya flaksi, haukuwa wa nyota.

Mfano wa kusoma: nyota ya Orion yenye Lx 10^30 na redio ya milijansky 0.1. Lr yake ni 1.9 × 10^16, logi ya uwiano ni 13.7, karibu vizio viwili chini ya mstari. Kabla hujaandika lolote rudi hatua ya 5. Ina mteremko wa +0.6 bila polaraizesheni wala mabadiliko? Hiyo ni jeti, iondoe kwenye hesabu. Imebadilika mara nane ndani ya masaa? Ni mlipuko, tafuta kiwango chake tulivu. Haina infraredi wala Gaia, mteremko ni −0.7 na eksirei ni ngumu? Uwezekano mkubwa ni galaksi. Ikiwa imepita yote hayo, ina polaraizesheni, imetulia, imenaswa na VLBA na bado iko chini ya mstari, basi hiyo ndo ya kuandikia, na ziko za namna hiyo kweli kati ya nyota changa, redio ya korona imezidi eksirei kwa kiasi ambacho mtawanyiko wa kawaida haukielezi.

Kwenye jedwali la mwisho weka safu ya ushahidi kando ya safu ya uwiano, kwa kila nyota, ili anayesoma aweze kuzitoa alizozitilia shaka na kurudia hesabu mwenyewe.